Maneno ya Tabby Kwenye Masikio ya Mama Yake

Wanjira alikuwa akipepeta ndengu uani kwake, upande wa Siakago, sikio lake la kulia lilipozibuka na sauti ya binti yake Tabby ikatoka. Ilisema kwamba huku chai inachumwa hata mvua ikinyesha, na kwamba maji ni baridi mpaka meno yanauma. Ilikuwa saa kumi alasiri. Tabby mwenyewe alikuwa mbali, milimani juu ya Nkubu, huko Meru, kwa mumewe Kiambi, ambako Wanjira alikuwa amemtembelea siku mbili kabla.

Masikio ya Wanjira yalikuwa ya mtu wa nchi ya joto. Gari likianza kupanda kwenda Meru yaliziba, na chochote alichoambiwa huko juu kilikaa humo hadi arudi nyumbani. Huko ukweni alikaa kwenye kiti kizuri, akala alichopewa na kuitikia kila kitu. Mama aliyeoza binti haendi kwa wakwe akaanza kuuliza umesema nini, umesema nini, kama mtu aliyekuja kupeleleza. Alitingisha kichwa kukubali, basi.

Gladwell, muuguzi wa zahanati na jirani yake, alimweleza dawa yake. Anyonye pipi gari likipanda, ameze mate, apige miayo, na ikishindikana abane pua na kupuliza taratibu, mdomo ukiwa umefungwa. Asilale njiani wala asisafiri na mafua. Wanjira alikataa katakata.

"Nikiyazibua huko," alisema, "nitarudi nyumbani na nini?"

Tusimlaumu haraka. Tabby alikuwa mtoto wake wa pekee, na simu yake iliharibika wiki aliyoolewa na haikutengenezwa tena. Kila ujumbe ulipitia kwa Kiambi. Kwa hiyo Wanjira akirudi kutoka Meru aliweka chai, akakaa kwenye kigoda na kungoja masikio yafunguke, na majirani waliotaka kumsalimia Tabby walikuja kukaa naye. Kila neno lilitoka mara moja tu, kwa hiyo watoto waliambiwa wanyamaze.

Safari ya tatu ilikuwa Agosti, wakati wa ile baridi ya umande. Tabby alikuwa amevaa sweta lenye mikono mirefu hadi kwenye vidole, na Wanjira akafurahi kwamba mtoto anajikinga na baridi. Kiambi alipotoka kwenda kufunga ng'ombe, Tabby alirudisha mlango wa jikoni, akamshika mama yake mkono na kuongea kwa muda mrefu. Machozi yalimtoka. Jikoni kulikuwa na moshi, na Wanjira naye alikuwa akifuta macho. Kila Tabby aliponyamaza kidogo, Wanjira alitingisha kichwa. Mwishoni alisema yale maneno ambayo mgeni husema, na Tabby akamkumbatia, akacheka, kisha akamjazia kiondo ndizi na majani ya chai, kwa sababu kiondo cha mama hakirudi kitupu.

Wanjira alishuka Jumatatu akiwa na mafua. Alikaa kwenye kigoda chake jioni hiyo na masikio hayakufunguka. Hayakufunguka kesho yake, wala Ijumaa, wala Jumamosi. Gladwell alimsihi kwa ishara anyonye hata pipi moja. Wanjira alisema maneno hayaozi, yatatoka yenyewe.

Jumatatu iliyofuata Kiambi alituma ujumbe kwenye simu ya Gladwell. Tabby ameteleza akichota maji, amegonga kichwa kwenye jiwe, ameaga. Gladwell aliandika hayo kwenye karatasi, herufi kubwa, akampa mama mtu asome. Wanjira alisoma mara mbili, akakaa chini palepale mlangoni.

Alienda kuzika akiwa na masikio yaleyale. Kiambi alilia kwenye maombi hadi wazee wakamshika mabega. Alizungumza vizuri, ukiangalia watu walivyokuwa wakiitikia.

Aliporudi, Gladwell alimkalisha kwenye benchi la zahanati na kumtia pipi mdomoni kama mtoto. Sikio la kulia likafunguka mbele ya akina mama waliokuwa wamepanga foleni ya kliniki.

"Mama, huyu mtu ataniua," sauti ya Tabby ilisema. "Usimuulize kitu hapa. Ukifika nyumbani mwambie mjomba Njiru aje na gari Jumamosi, Kiambi atakuwa sokoni. Nguo zangu nimeziweka kwenye gunia la makaa."

Akina mama walisogea ili Wanjira apate nafasi ya kulala kwenye benchi. Mmoja alimvua viatu.

Polisi wa kwao, Embu, walimsikiliza na kusema jambo la Meru linaripotiwa Meru. Safari hii alinyonya pipi njia nzima, na sikio la kulia likabaki wazi. Huko juu, ofisa alimpa kiti. Alieleza kwa heshima kwamba maneno yaliyokwisha kutoka hayawezi kuandikwa, lakini sikio la kushoto, kama lina kitu, atalipokea. Wanjira alinyonya pipi, akameza mate, akapiga miayo, akabana pua na kupuliza hadi machozi yakamtoka. Sikio halikufunguka kwenye mwinuko ule. Saa saba ofisa aliandika kwamba mlalamishi alifika na hakuwa na la kusema, akaenda kula.

Mwaka haujaisha na Kiambi ameoa tena. Msichana ni wa Kiritiri, na mama yake pia hajazoea milima. Wanjira alimtafuta mama huyo hadi akampata, akampa pakiti nzima ya pipi na kumwelekeza aanze kunyonya kabla gari halijapanda, na asiitikie neno ambalo hajalisikia. Yule mama alishukuru. Alisema kwa bahati nzuri binti yake hana shida yoyote, ila tu simu yake imeharibika.

Ndengu zilipokomaa tena Wanjira alizipura, akaziweka kwenye ungo na kuanza kupepeta. Alikuwa amekesha usiku kucha, akapiga mwayo. Sikio la kushoto likafunguka.

"Umenisikia, Mama?" Tabby aliuliza. "Umeshika kila kitu?"

Na sauti ya Wanjira mwenyewe, nzima, changamfu, ya mgeni aliyeshiba, ikamjibu: "Nimesikia, mwanangu. Usiwe na wasiwasi."

Kisha Tabby akacheka.

Baada ya hapo sikio lilikuwa safi kabisa. Wanjira alisikia hadi kuku wa Gladwell ng'ambo ya barabara.