Kilichoitikia Uzi Mnene

Fundi Iddy alituachia amplifaya mbili, akasema tukae nazo wiki nzima, tutakayoipenda ibaki na nyingine ataipitia mwenyewe. Mjukuu wangu Penina alikuwa ameshazunguka madukani na kwenye simu mpaka akachoka. Anapiga gitaa la besi kwenye kwaya ya vijana, anasoma chuo hapa mjini, na anakaa kwetu Nkuhungu kwa kuwa baba yake, mwanangu Elisha, ni mwalimu huko Busi. Kanisani vyombo vinafungiwa stoo mpaka Jumamosi. Alitaka kitu cha kufanyia mazoezi nyumbani. Nikamwambia kama ni kitu cha kukaa ndani ya nyumba yangu, tutakichagua wote wawili.

Ya kwanza ilikuwa ndogo, spika yake ya inchi sita, unaibeba kwa mkono mmoja kama kreti tupu ya soda, na ina tundu la kuchomeka spika za masikioni. Ya pili ilikuwa ya inchi kumi na mbili, imevishwa kapeti jeusi, kona zake zina vyuma, na mpini umezungushiwa mpira wa baiskeli. Mimi nilikuwa upande wa ile ndogo. Nilifikiria majirani, nikafikiria na umeme.

"Hii ndogo, bibi, haiwezi kushuka kwenye sauti nzito," Iddy aliniambia. "Penina akigusa uzi mnene inampa kivuli cha sauti tu, sikio lake linajazia lenyewe. Hii kubwa inaitoa sauti yenyewe."

Kubwa tukaiweka chumbani kwa Penina. Chumba kile tulikiongeza nyuma ya nyumba mwaka Elisha alipooa. Sakafu ni ya saruji nyekundu, naing'arisha mwenyewe kwa tambara kila Jumamosi, kwa hiyo naijua kama ninavyokijua kiganja changu. Ilikuwa saa tisa mchana, upepo unasukuma vumbi uani na jua limesimama jeupe dirishani. Penina akagusa uzi mnene akauacha ulie.

Mimi nimepiga muheme tangu nikiwa msichana. Ngoma ile tunaibana mapajani, sisi wanawake, na ukiipiga sawasawa unaisikia kwenye nyonga kabla ya masikio. Basi sauti ile ilinijia hivyo hivyo. Ikapita miguuni, ikapanda. Na vitu vyote chumbani vikaanza kulalamika: kopo la kalamu, vioo vya dirisha, chaga za kitanda, vikombe vyangu vya harusi vilivyo juu ya kabati. Penina akacheka, akasema kila kitu kina nota yake, bibi, hata wewe unayo. Tukazunguka tunanyamazisha kimoja kimoja. Kopo tukalitoa nje, vikombe nikavifunga kwenye kanga, dirisha tukalikaza kwa karatasi.

Akapiga tena. Kikabaki kitu kimoja kinachakacha, kidogo, kikavu, kama mbegu ndani ya kibuyu. Tulikitafuta mpaka chini ya godoro. Penina akaukamata uzi kwa kiganja, sauti ikafa. Kile kitu kikaendelea. Mara tatu, kikanyamaza. Mara tatu tena, kikanyamaza.



Mume wangu, Mazengo, masikio yake yameshachoka, ukitaka akusikie umguse bega kwanza. Alikuwa ukumbini amevua viatu. Nikamwona amesimama mlangoni, ameangalia nyayo zake.

"Mama Elisha," akasema, "mwambie mtoto aache."

Akarudi kwenye kiti chake.

Kesho yake Penina alimwita Iddy, akidhani mashine ni mbovu. Iddy aliingia na utani wake, akaniuliza kama nimemficha babu uvunguni. Akamwambia Penina apige, akaanza kutembeza kiganja ukutani, kitandani, juu ya mashine. Mwishoni akapiga magoti, akalaza sikio kwenye sakafu karibu na ukuta wa nyuma. Alikaa pale muda mrefu. Aliponyanyuka alijipangusa vumbi sikioni, na utani ulikuwa umekwisha.

"Bibi, chini ya hapa udongo haujashiba. Pana uwazi. Na ndani ya uwazi pana kitu."

Nikamshukuru, nikamtilia chai. Hakuimaliza.

Sasa niseme ambalo Penina hakulijua. Kabla ya Elisha nilikuwa na binti, Anyesi, aliishi miezi minne. Enzi zile mtoto mchanga hapa kwetu alizikwa na wanawake, wanaume hawakusogea. Mama mkwe na dada yake walimchukua, mimi nikaachwa ndani. Nilimpa mama mkwe kibuyu kidogo chenye mbegu nilichokuwa nikimtikisia Anyesi akilia. Mara tatu, nanyamaza, mara tatu, ndivyo alivyokipenda. Baadaye mama mkwe aliniambia wamemlaza nyuma ya jiko la zamani, wakamfunika kwa chungu kipya ili udongo usimguse uso. Hakunionyesha mahali, na mimi sikuwa na nguvu za kuuliza. Mwaka uliofuata akafa, na dada yake naye hakukaa, akamfuata.

Kisha, Elisha akiwa tayari anasoma shule, wakaja wapimaji wa viwanja, mji unapanuka, makaburi ya majumbani yanahamishwa. Mimi nilikuwa Bahi kwa dada yangu, tunavuna mpunga. Niliporudi jiko lilikuwa limebomolewa, greda limesawazisha kila kitu, pale pale tulipokuja kujenga chumba anacholala Penina, na Mazengo akaniambia Anyesi ameshahamishiwa makaburi mapya. Alinipeleka akanionyesha. Kwa miaka thelathini na minne nimelipalilia kaburi lile, nimeliwekea mawe meupe pembeni, na maneno yangu mengi nimeyaacha pale.

Iddy alipoondoka nilikwenda ukumbini nikamgusa Mazengo bega. Nilimuuliza ni nani aliyewaonyesha wale watu mahali. Alichezea fimbo yake mpaka nikadhani hakunisikia.

"Mimi," akasema. "Waliniuliza mbele ya wanaume wenzangu mwanangu amelala wapi. Ningesema sijui? Nikanyoosha kidole penye majivu ya jiko."

"Kwa hiyo nimekuwa nikipalilia sanduku la udongo."

"Si udongo." Aliinamisha kichwa. "Walichimba, wakakuta mtoto. Na mimi nikafurahi, nikadhani nimebahatisha. Lakini hapakuwa na chungu, Mama Elisha. Hapakuwa na kibuyu."

Nikamuuliza, sasa yule ni nani. Upepo ukawa unapiga bati upande wa choo.

"Mama yangu alizaa tisa," akasema. "Mimi niliwajua sita."

Usingizi wangu wa siku zile sitauelezea. Penina nilimwambia yote, maana ni mtu mzima na chumba ni chake. Nilitegemea ataogopa, aombe kuhamia hosteli. Alikaa akizungusha vigingi vya gitaa, akalegeza uzi, akaukaza. Iddy alikuwa amejitolea kuvunja sakafu, mchungaji naye alikuwa tayari kuja na watu. Nikakataa. Mtoto aliyelala miaka yote ile huwezi kumwamsha kwa sururu, kisha umpeleke kwenye kitanda ambacho tayari kina mwenyewe.

"Basi tuchukue ile ndogo, bibi," Penina akasema. "Ile haimfikii."

Nilijua anaitaka kubwa. Wiki ile amepiga vizuri kuliko wakati wote, vidole vimepata mahali pa kukanyaga. Na mimi nilikuwa karibu kukubali. Tuliijaribu ndogo siku nzima, ikalia vyema kwa kiasi chake, hakuna kikombe kilichotikisika, sakafu kimya. Nikasikiliza ule uzi mnene unaotoka mwembamba, nikakumbuka alivyosema Iddy kuhusu kivuli. Mimi nilishapewa kivuli miaka thelathini na minne.

Tukachukua kubwa. Siku za kawaida inakaa juu ya stuli, na chini ya miguu ya stuli pana blanketi lililokunjwa mara nne. Iddy ndiye aliyetufundisha, sauti isiingie sakafuni. Penina anafanya mazoezi yake na hakuna kinachojibu. Jumapili, tukishatoka kanisani na kula, tunaishusha chini karibu na ukuta wa nyuma. Natandika mkeka. Penina anagusa uzi mnene mara moja, anaukamata. Anyesi anatikisa. Mara tatu, kimya, mara tatu. Mazengo naye siku hizi anakuja, anavua viatu, anasimama mlangoni.

Yule wa makaburini sikumwacha. Siwezi kumpalilia mtu miaka yote halafu nimwambie nilidhani wewe ni mwingine. Ila niliona haya kwamba hakuwahi kuwa na kitu cha kuchezea. Nikatafuta kibuyu kidogo, nikakikausha juu ya bati, nikatia punje za uwele, nikaziba kwa nta. Alhamisi nilikwenda peke yangu, nikakifukia shubiri moja chini ya mawe meupe, nikarudi kwa miguu.

Jumapili ile tulishusha mashine kama kawaida. Penina akagusa uzi, akaukamata. Tukasubiri.

Mara tatu, kavu, kama tulivyozoea. Kisha, kabla haijanyamaza, sauti ya pili ikaingia pembeni yake, nyepesi zaidi, haina mpango, kama ya mtu aliyepewa kitu leo na bado hajui kukitikisa.

Penina alinitazama. Mlangoni Mazengo alikuwa amekaa chini, mzee wa watu, kiganja amekilaza sakafuni.

"Bibi," Penina akasema polepole, "hiyo nyingine ni ya nani?"

Nikausogeza mkeka kidogo, nafasi itoshe, nikamwambia apige tena.