Jiwe Lililomwangukia Amino

Jiwe lilianguka asubuhi, Amino akiwa anakamua mbuzi nje ya Buna, mji mdogo wa kaskazini mwa Kenya. Alisikia mngurumo kama wa lori linalopita juu ya mawe, akainua macho. Angani palikuwa na mstari mwembamba wa moshi. Kisha ardhi ikatetemeka, mbuzi wakatawanyika, na maziwa yote yakamwagika.

Amino alikuwa mjane wa miaka thelathini na kitu, hana mtoto, na ndugu zake walisema ulimi wake ndio uliowafukuza wachumba. Alipoona shimo jipya kando ya zizi alilisogelea, akachungulia. Ndani lilikuwamo jiwe jeusi, ukubwa wa kichwa cha ndama.

Lakini huo ulikuwa mwaka wa 1965, vita vya shifta, waasi waliotaka kujitenga na Kenya, vimepamba moto, na kishindo katika nchi ile kilikuwa na maana moja tu. Jua halijapanda sana, wanajeshi wakafika, wakakusanya watu uwanjani. Luteni wao, kijana wa kutoka nyanda za juu, akauliza ni nani aliyefyatua kombora.

Amino akasimama.

"Bwana mkubwa, hii hapana bomu," alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Hii natoka juu."

"Imeangushwa na ndege?"

"Juu ya ndege."

Luteni hakumwamini. Akaagiza mtu yeyote asiondoke hadi mtaalamu wa mabomu aletwe kutoka Wajir, jambo ambalo lingeweza kuchukua siku kadhaa, na watu wamekaa juani na mifugo yao haina mchungaji.

Bahati ni kwamba msafara wa malori uliokuwa ukielekea Mandera ulikuwa umesimama mjini. Miongoni mwa abiria alikuwamo Yarow, mtu wa Garissa aliyesomea miamba, sasa akiitafutia serikali mahali pa kuchimba visima. Aliposikia habari hiyo aliomba alione hilo kombora. Wanajeshi wakamwonya. Yeye akalala kifudifudi ukingoni mwa shimo, na aliponyanyuka alikuwa anatabasamu kama mtu aliyepokewa na jamaa zake.

"Afande, una dira?"

Luteni akampa yake. Yarow akaishusha karibu na jiwe, na ule mshale ukageuka, ukaiacha kaskazini, ukalielekea jiwe. Akaokota kibanzi kilichobanduka, akakiweka kwenye kiganja cha luteni. Nje kilikuwa cheusi kama chungu kilichoungua. Ndani kilikuwa cha kijivu, kimejaa viduara vidogo mithili ya punje za mtama.

"Bomu halina mtama ndani yake," alisema.

Kisha akawageukia watu, akawaeleza kwa Kisomali. Zamani sana, kabla jua halijawa jua, palikuwa na wingu la hewa na vumbi. Wingu likajivuta, likajibana, na katikati yake jua likawaka. Vumbi lililosalia likawa linalizunguka. Likayeyuka likawa matone, yakapoa, yakawa punje hizi. Punje zikashikana, kama siagi inavyoshikana maziwa yakisukwasukwa. Donge likavuta donge, mpaka ikapatikana dunia hii tunayoikanyaga. Mengine hayakupata pa kujiunga, yanatangatanga mpaka leo.

"Subhanallah," wazee wakasema.

"Kwa hiyo hili ni baki la ujenzi," Amino akasema.

Yarow akacheka mpaka akashika magoti. Luteni akataka kujua wanacheka nini, akatafsiriwa, naye akacheka, na huo ukawa mwisho wa mkutano. Watu wakaenda kutafuta mifugo yao. Luteni akabaki, akaomba aruhusiwe kuligusa jiwe.

Ugomvi ulikuja baadaye, Yarow alipotaka kulipeleka Nairobi, kwa watu wanaochunguza jinsi nyota na sayari zinavyozaliwa.

"Ni mgeni wangu," Amino alisema.

"Na mgeni akitaka kuendelea na safari?"

"Hajaniaga."

Wakapatana: achukue kipande cha ukubwa wa ngumi, na majibu ayalete mwenyewe. "Si kwa barua," Amino alisisitiza. "Uje."

Mvua zikapita. Barabara zilikuwa na mabomu ya kutegwa, na misafara ilikuja kwa nadra. Kila dereva aliyefika Buna aliulizwa na Amino habari za mtu wa visima, na binamu yake Kaaha akaanza kumtania waziwazi.

Yarow alikuja baada ya kiangazi, amekonda, nguo zimejaa vumbi. Alianza kuongea kabla hata ya kumiminiwa chai. Kipande kilikuwa kimepimwa ng'ambo. Jiwe lilikuwa na umri wa miaka milioni elfu nne na nusu, na hakuna mlima duniani uliolifikia kwa umri.

Amino akauliza punje zile ziliyeyushwa na moto gani, ilhali jua lilikuwa mbali.

"Hatujui," Yarow alisema. "Wapo wanaosema hivi, wapo wanaosema vile. Bado wanatafuta."

Jibu hilo lilimfurahisha Amino kuliko lile la miaka. "Kumbe kazi haijaisha," alisema, akamwongezea chai.

Yarow akazungusha kikombe mkononi. "Nina swali jingine. Hili si la jiwe."

"Hilo kamuulize kaka yangu Jelle," Amino akasema. "Lakini ukweli ni kwamba mimi nimeshajibu."

Walifunga ndoa Buna mwezi uliofuata. Luteni alituma gunia la sukari. Wanawake waliimba mchana kutwa, na msafara ukachelewa kuondoka kwa sababu madereva walikuwa wakicheza.

Yarow alikuwa na kazi Rhamu, mpakani na Ethiopia, kwa hiyo huko ndiko walikoanzia maisha. Amino alikuwa amelelewa kwenye visima, maji ya kutekwa ndoo kwa ndoo. Walipofika kwenye Mto Daua, umejaa, unakwenda tu bila kuvutwa na mtu, alivua viatu akaingia na nguo zake za bibi harusi, mpaka magotini, mpaka kiunoni. Akageuka, akamwona mumewe bado amesimama kwenye ukingo.

"Wewe mtu wa maji," alimwita, huku akicheka, "unaogopa nini? Njoo."