Anayenyamaza Redioni

Uoga mimi ninao tangu zamani, wala sifichi. Lakini Ijumaa ile, kwenye banda la kupimia majani ya chai Lupembe, niliogopa kuliko siku zote.

Tulikuwa tunasubiri lori la kiwanda. Hilda alikuwa ameweka simu juu ya mzani, tunasikiliza mchezo wa redio ambao wachumaji wote wa kikundi chetu wanaupenda kupita kiasi. Mle yumo Bi Tasiana, mwanamke wa visirani, aliyeiba mahindi ya sadaka kanisani kisha akakaa kimya rafiki yake alipofukuzwa kwaya kwa wizi huo.

"Yule ni nyoka," Hilda akasema. "Anamwonea mwenzake wivu."

"Wivu gani?" Asteria akambishia. "Anampenda. Huoni anavyompelekea viazi kila wiki?"

Mimi humpelekea Flora viazi kila wiki. Na Flora alikuwa ameketi ubavuni mwangu, anageuza majani yake yasipate joto.

Msimu wa juzi nilishindilia majani kirobani kwa uvivu wa kurudi shambani mara ya pili. Majani mabichi ukiyabana yanaungua yenyewe, yanakuwa mekundu. Nilikiegesha kiroba kile kando ya vya Flora. Karani alipotia mkono katikati akakuta yameungua, akamwandikia Flora kosa hilo, nami nikanyamaza. Flora alifungiwa kupima msimu mzima, akaenda kufanya vibarua kwenye mashamba ya watu kule Mahongole, Makambako. Mimi nikaendelea kuchuma.

"Flora, na wewe unasemaje?" Hilda akauliza.

Nilimshikilia mwanangu Remmy mgongoni kana kwamba kuna mtu anataka kumchukua.

"Mnabishana juu ya Tasiana tu," Flora akasema. "Hakuna anayeuliza kama mwenzake anajua."

"Kwani anajua?"

"Anajua. Anangoja aambiwe."

Hakunitazama. Lori likasikika linapanda kilima. Nikajua likifika kabla sijasema, sitasema tena maisha yangu yote.

"Flora," nikasema, "kile kiroba kilikuwa changu."

Hilda akazima simu.

Flora akasema, "Nililiona fundo lako la kiroba siku ileile, Mama Remmy. Si mimi niliyekufundisha kulifunga? Lakini ulikuwa na kichanga cha wiki tatu mgongoni. Ningekutaja vipi?"

Nilitaka kumshika mkono. Akauondoa.

"Kwangu umesema. Kamwambie na karani, tena kila mtu asikie."

"Watanifungia, Flora."

"Ndiyo. Watakufungia."

Lori lilikuwa limesimama, karani anashuka na daftari lake. Flora akainuka, akafungua kanga yangu taratibu, akamtoa Remmy na kumweka mgongoni kwake.

"Leo nambeba mimi," akasema. "Nenda."

Nikaenda kwa karani, mgongo mtupu.