Bakuli la Mama

Hapa mjini kwetu Rasht msafiri hupita chini ya msahafu, akaubusu, na akishavuka kizingiti humwagiwa bakuli la maji nyuma yake ili njia imrudishe salama. Nilikuwa bado shule mama alipommwagia dada yangu Golnar kwa mara ya kwanza. Alikwenda Adelaide kusoma, akaolewa huko, akapata mtoto na uraia wa pili. Kila alipotutembelea na kuondoka mama alimwaga maji, na kila mara alirudi.

Baba alipofariki, ami alimpigia Golnar simu. "Njoo kwenye arobaini ya baba yako. Nani atakugusa? Kwani wewe mwanasiasa?"

Golnar hakuwa mwanasiasa. Ila jioni moja kule Adelaide alisimama na wenzake, mshumaa mkononi, kuwaombolezea wasichana waliouawa huku kwetu. Mtu alipiga picha, ikaenea mtandaoni. Golnar alidhani imeshasahauliwa.

Alipotua, maofisa wa uwanja wa ndege walimnyang'anya pasipoti zote mbili.

Siku ya arobaini alikoroga halua jikoni, maana ndiye kifungua mimba. Jirani yetu Bi Effat alimsimamia.

"Koroga, mwanangu, usiibembeleze! Huko Ulaya wamekufundisha kubonyeza vitufe tu?"

"Ni Australia, Bi Effat."

"Si kote baridi?"

"Kule jua kali."

"Basi mbona umerudi mweupe kama mgonjwa?"

Wanawake wakacheka. Golnar naye akacheka, kisha akainamia sufuria akalia. Asubuhi ile watu wa usalama walikuwa wamempigia simu: aende ofisini kwao, wanywe chai waongee.

Ofisi hiyo haina kibao mlangoni. Mimi na mama tulikuwa tukimngoja ng'ambo ya barabara, na kila alipotoka mikono yake ilikuwa ya baridi. Mwanamume aliyemhoji alimwita "dada" kwa sauti laini, akataka majina ya wote waliosimama karibu naye pichani. Golnar alijibu, "Siwajui." Alikuwa akiwajua. Wengine walikuwa na mama zao hapa hapa mjini.

Mume wake alibisha hodi kila mahali. Serikali ya kule ilimwambia inasikitika, lakini akiwa huku Golnar huhesabiwa raia wa huku tu, na wao hawana la kufanya. Mtoto wao, Kian, alipiga simu ya video akiwa ameachama.

"Mama, ona! Limeng'oka!"

"Hongera, baba. Umelitunza?"

"Nimelitunza ulione. Unakuja lini?"

Golnar alizima kamera, akamwambia mtandao ni mbaya.

Siku hiyo nilimkuta mama akiosha mchicha uliokwisha kuwa safi.

"Ni maji yangu," alisema. "Miaka yote hii nimekuwa nikimvuta."

"Mama, ni wao."

"Wao wametega tu. Aliyekuwa akimwita ni mimi."

Nikafunga bomba. Nilimaliza chuo nikiamini kila jambo lina jibu.

Machungwa yalipoanza kuiva, yule mwanamume wa ofisini alimrudishia Golnar pasipoti zake bila maelezo. Alimsindikiza hadi mlangoni. "Ukija tena, dada," alisema, "tutamalizia mazungumzo yetu."

Golnar alitusimulia maneno hayo akicheka. Mama hakucheka.

Aliondoka asubuhi yenye jua. Mama alimpitisha chini ya msahafu, akamkumbatia mpaka ami akapiga honi. Kisha akasimama kizingitini na bakuli lake, jani la mchungwa likielea juu ya maji. Golnar aliteremsha kioo cha gari akageuka kutazama, kama alivyofanya siku zote.

Mama akaliinua bakuli mdomoni. Akanywa. Alikunywa taratibu, hadi tone la mwisho, jani likamganda mdomoni.

Golnar alijiziba mdomo kwa viganja. Gari likapinda kona.

"Touran!" Bi Effat alimpazia mama sauti kutoka dirishani kwake. "Mbona hukumwaga maji? Umesahau?"

"Sijasahau."

Bi Effat alikitazama kizingiti kikavu. Kisha akalifunga dirisha lake.

Mama alilifuta bakuli, akalipeleka kabatini, akaliweka kifudifudi. Alipokwenda kulala, nililigeuza, nikaliacha mdomo juu, likingoja maji.