Simu Kutoka Bulgaria

Kwa miaka thelathini na mmoja Ekuam alilipwa ili azungumze kwenye redio. Alikuwa mtu wa mawasiliano wa shirika moja la misaada, chumba chake kikiwa nyuma ya ghala la unga, na kazi yake ilikuwa kuuliza malori yamefika wapi. Shirika lilipofunga ofisi yake ya Isiolo, kila mfanyakazi alipewa cheti na kikombe cha chai. Ekuam akarudi nyumbani mtaa wa Wabera, akajifungia na vitabu miezi mitatu, akaenda Nairobi kufanya mtihani, na baadaye akamwonyesha mkewe leseni yenye picha yake. Sasa aliruhusiwa kuzungumza kwenye redio bila malipo.

“Na nani?” Peris akauliza.

“Na yeyote atakayejibu. Kuna watu dunia nzima wanaofanya hivyo kwa kupenda tu.”

Peris alikuwa karani wa shule ya upili na alikuwa amesikia mipango mingi ya wastaafu: kuku, sungura, kugombea udiwani. Huu hakuwahi kuusikia. Akamuuliza redio hiyo itakaa wapi, maana sebuleni haitakaa.

“Kwenye pikipiki,” Ekuam akasema.

Pikipiki yenyewe aliinunua kwa padre mmoja aliyerudi kwao. Ilikuwa kubwa, ya safari ndefu, yenye masanduku mawili ya chuma ubavuni na tangi la kumfikisha mtu Marsabit na kumrudisha. Aliipeleka kwa Kaimenyi, fundi mwenye kibanda karibu na stendi, akamweleza anachotaka.

“Itaongeza spidi?” Kaimenyi akauliza.

“Hapana.”

“Itapunguza mafuta?”

“Hapana.”

“Sawa,” Kaimenyi akasema. “Toa kiti.”

Walivuta nyaya mbili nene kutoka kwenye betri, kila moja na fyuzi yake. Redio wakaifunga ndani ya sanduku la kushoto juu ya kipande cha godoro, ili matuta ya barabara yasiiue. Spika na maikrofoni wakaviweka ndani ya helmeti, na kitufe cha kuongelea wakakifunga kwenye usukani, karibu na kidole gumba. Antena ikasimama nyuma, mita mbili na nusu, na katikati ilikuwa na koili nene kama gunzi la hindi.

Siku ya kwanza hakusikia mtu. Alisikia injini yake mwenyewe, sauti kama bisi zikiruka kwenye sufuria. Kaimenyi akabadilisha plagi, akavalisha nyaya pete za feriti za kunyonya kelele, na bisi zikapungua. Halafu ikaonekana kwamba kila Ekuam alipobonyeza kitufe, honi ililia. Watu wa boda boda walidhani ana haraka wakawa wanampisha. Jumamosi iliyofuata alijaribu tena nyuma ya nyumba, na sauti yake ikatokea kanisani, kwenye spika za kwaya, ikikoroma bila neno lolote la kueleweka. Waumini wawili walisema ni Roho. Mchungaji akasema ni Ekuam.

Ekuam alijua ugonjwa uko wapi. Antena ya aina ile hutaka chuma kingi chini yake, na pikipiki, hata iwe kubwa namna gani, ni chuma kidogo na hewa nyingi. Alhamisi Peris alipokwenda sokoni, Ekuam alisimama jikoni akalitazama sinia. Lilikuwa sinia la alumini la kupakulia wali wa watu kumi na wawili, alilopewa Peris na mama yake siku ya harusi. Akalitoboa matundu tisa, akalifunga kwa boliti chini ya kereya, akalipaka rangi nyeusi. Honi ikanyamaza, na kwaya ikapona. Jioni hiyo alizungumza na mtu wa Kupro dakika nne nzima kuhusu joto la huko.

Peris alilitafuta sinia siku mbili. Mwishowe akaamua kwamba ni Jennifer, mke wa nduguye Ekuam, aliyeliazima kwa ajili ya mazishi na kulinyamazia. Jennifer alipoulizwa alikasirika, na wake hao wawili wakaacha kusalimiana. Ekuam alikusudia kusema. Alikuwa akingoja nafasi nzuri, na wiki tatu zikapita bila nafasi nzuri kutokea.

Mwezi wa Novemba mvua zilianza. Jumatatu moja Ekuam alikwenda Merti kumwona mwenzake wa zamani wa kazini, akalala huko, na Jumanne alfajiri akashika njia ya kurudi. Alikuwa amevuka laga moja, mto wa msimu wenye mchanga mwingi na maji ya vifundoni tu. Aliposafiri nusu saa akafika kwenye laga ya pili, akakuta mto. Maji ya rangi ya chai yalikuwa yakipita na miti mizima. Akageuza kurudi, akakuta ile ya kwanza nayo imekwisha kuwa mto nyuma yake. Akarejea tena mbele kwa kuwa huko angalau kulikuwa na watu.

Palikuwa na pikapu. Dereva wake, Gollo, alikuwa amejaribu kuvuka maji yalipokuwa ya magoti, injini ikameza maji ikazima, na abiria watano wakaivuta nyuma kwa kamba. Sasa ilisimama ukingoni mlango wazi, na mbuzi sita walikuwa wakiichunguza. Kwenye kiti cha mbele alikaa baba yake Gollo, Mzee Guracha, mtu mrefu aliyekunjwa ili atoshee, miguu imemvimba hadi kanda za viatu zimezama ndani ya nyama.

“Salaam aleikum,” mzee akasema, kisha akapumzika kidogo ili apate pumzi ya kuendelea. “Hiyo fimbo ni ya nini?”

“Ni antena, mzee.”

“Aa.”

Gollo alimvuta Ekuam kando. Figo za baba yake zilikuwa zimeacha kazi. Kila Jumanne na Ijumaa alipaswa kuwa Isiolo, kwenye mashine ya kusafisha damu. Ijumaa iliyopita barabara ilikuwa imefungwa, akakosa. Daktari wa huko alikuwa amewaonya kwamba anayekosa mara mbili mfululizo hafiki ya tatu. Maji yangeshuka kufikia adhuhuri, hilo Gollo hakuwa na shaka nalo, lakini pikapu isingewaka, na mtandao wa simu ulikuwa mbali sana ng’ambo ya pili.

“Kwa hiyo lazima gari litoke Isiolo sasa hivi,” Ekuam akasema, “litukute hapa maji yakishuka.”

“Ndiyo. Na nani ataliita?”

Ekuam alisukuma pikipiki hadi kwenye kilima kidogo cha mawe, akavaa helmeti, akawasha redio. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Nairobi alikuwapo mwenye leseni mwenzake, lakini mawimbi aliyokuwa nayo hayatui karibu. Hupaa, hugonga juu, na kuteremka nchi za watu. Akaita. Akataja jina lake la hewani, lile linaloanza na 5Z4, akasema ana dharura. Aliita mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili akajibiwa na daktari wa meno mstaafu wa Bulgaria.

Walizungumza Kiingereza, kila mtu cha kwake. Daktari aliandika kila kitu na kukisoma tena: laga, mgonjwa, figo, gari, hospitali. Ekuam akampa namba ya simu ya Peris.

“Nitampigia sasa,” daktari akasema. “Usiondoke hewani.”

Dakika mbili zikapita.

“Amekata simu,” daktari akasema.

“Amesema nini?”

“Kwamba hana jamaa Bulgaria.”

“Tafadhali jaribu tena.”

Akajaribu. Safari hii alichukua dakika tatu. “Amesema nyinyi wafungwa siku hizi mmejifunza lafudhi. Sikuelewa.”

Ekuam alielewa. Mwaka uliotangulia Peris alikuwa amepigiwa simu na tapeli, mfungwa aliyepiga kutoka gerezani akijifanya mganga mkuu wa hospitali, akisema Apua, binti yao, amegongwa na gari Nairobi. Apua alikuwa kazini akila samosa. Tangu siku hiyo Peris hakuamini sauti yoyote asiyoijua iliyoanza kwa neno mgonjwa.

Mara ya tatu daktari alirudi haraka zaidi. “Amesema Mungu ananiona. Ni mke mwangalifu.”

“Sana,” Ekuam akasema.

Mzee Guracha alikuwa ameomba ashushwe garini, na abiria wenzake wakamkalisha juu ya jiwe karibu na pikipiki. “Huyo mtu yuko wapi?” akauliza.

“Ulaya, mzee.”

“Na umemtuma mara tatu bila kumsalimia?”

Ekuam akakiri kwamba salamu zilikuwa fupi.

“Muulize kama ni nagaa kwao.”

Ekuam akabonyeza kitufe, akauliza kama kuna amani. Daktari akafikiri, akasema kwake kuna amani.

“Mvua imenyesha?”

“Anasema ilinyesha Jumapili.”

“Mifugo?”

“Anasema hana, mzee. Ana paka.”

“Wangapi?”

“Mmoja.”

Guracha aligeuka akawatazama mbuzi wa ukingoni. “Mwambie pole,” akasema.

Gollo hakuwa na subira ya haya. “Mwambie mkeo jambo ambalo ni nyinyi wawili tu mnaolijua,” akasema. “Ndiyo ataamini.”

Ekuam alifikiri. Walikuwa wameoana miaka thelathini na mitatu, na chochote walichokijua wao wawili kilijulikana kanisani, sokoni na kwa Jennifer. Jina la mtoto, siku ya harusi, kidonda chake cha goti: tapeli yeyote angeyapata kwa kununua nyanya mahali panapofaa. Kulikuwa na jambo moja tu ambalo hakuna mtu mwingine aliyelijua. Hata Peris hakulijua, lakini angeweza kulithibitisha mara moja.

Akamtazama mzee. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya majivu, na alipumua kwa mabega. Ekuam akabonyeza kitufe.

“Mwambie,” akasema, “sinia ni mimi. Nililichukua Alhamisi akiwa sokoni. Nimelitoboa, nimelifunga chini ya antena. Jennifer hana hatia.”

Abiria watano wakasogea karibu wasikie. Hewa ilikuwa safi sana asubuhi hiyo, na bila shaka yeyote mwenye redio kutoka Uturuki hadi Urusi alimsikia vizuri.

“Sinia,” daktari akasema. “Linaandikwaje?”

Ekuam akamtajia herufi moja moja.

“Matundu mangapi?”

“Tisa.”

“Kwa nini tisa?”

“La kwanza nilikosea.”

Daktari aliondoka. Dakika sita zilipita. Mbuzi mmoja alisimama kwa miguu ya nyuma akaionja antena.

“5Z4,” daktari akasema hatimaye. “Safari hii hakukata. Kisha akaniuliza sinia lina hali gani. Nikasema sijui. Kisha akasema ngoja nichukue kalamu.”

Ekuam akakaa chini, helmeti kichwani.

Peris alipopata kalamu hakuwa mtu wa kurudiwa mambo. Alimpigia Lopeyok, mwenye Land Cruiser, akamwambia aache anachofanya. Kutoka hapo akaenda hospitali, akasimama kwenye meza ya mapokezi hadi muuguzi alipoandika kwenye daftari kwamba kiti cha Mzee Guracha hakitapewa mtu mwingine hata akifika jioni. Alipokuwa akipita kwa Jennifer alimsimamisha Lopeyok, akashuka, akabisha, akaongea na Jennifer kwenye lango dakika moja. Lopeyok alisema baadaye kwamba hakusikia maneno, ila Jennifer alishika kiuno, halafu akacheka.

Gari lilifika ng’ambo saa saba na nusu. Maji yalikuwa yameshuka hadi magotini, kama Gollo alivyosema. Wanaume wanne walimbeba mzee na kumvusha wima, amekaa juu ya mikono yao iliyofumbatana. Njiani aliwaelekeza mahali pa kukanyaga. Ekuam aliwafuata akisukuma pikipiki polepole kuliko ilivyohitajika, kwa sababu Peris alikuwa amesimama ukingoni na buti za mpira.

Peris alimsalimu mzee, akamfunika shuka, akahakikisha ameketi. Kisha akaja kwenye pikipiki, akainama, akatazama chini ya kereya. Alitazama muda wa kutosha kuhesabu tisa.

“Umelipaka rangi,” akasema.

“Lisipate kutu.”

“Alumini haipati kutu, Baba Apua.” Akaingia ndani ya gari. “Twende.”

Mzee Guracha aliwekwa kwenye mashine saa kumi na robo, akatolewa usiku umeingia. Siku ya tatu aliweza kuvaa viatu vyake. Ekuam alikwenda kwa miguu hadi kwa Jennifer kuomba radhi, kama alivyoagizwa na Peris, na akabebeshwa magunia matatu ya makaa hadi stoo.

Mwezi mmoja baadaye Gollo alibisha hodi Wabera. Alikuwa na ujumbe. Baba yake alikuwa amemtengea yule mtu wa Bulgaria mbuzi jike mweupe na kumtia alama sikioni, kwa kuwa si vizuri mtu mzima kuishi bila mfugo hata mmoja. Mbuzi angechungwa Merti pamoja na wengine, na mwenyewe alitakiwa apewe habari zake.

Kwa hiyo kila Jumapili baada ya ibada Ekuam huendesha pikipiki hadi penye uwazi nje ya mji, Peris akiwa nyuma na daftari, na kusoma hewani habari za mbuzi anazoletewa na Gollo: amekula wapi, amepewa chanjo gani, kilimwuma nini. Daktari huuliza maswali ya maana, hasa kuhusu meno. Mwezi wa tatu mbuzi alizaa mapacha, wa kike wote wawili. Daktari alipoambiwa akauliza sasa afanye nini.

Ekuam alilipeleka swali hilo kwa Mzee Guracha, aliyekuwa Isiolo kwa zamu yake ya Jumanne. Mzee alilifikiria huku mashine ikizunguka.

“Mwambie asiwe na haraka ya kuuza,” akasema.