Lumbesa Mbele ya Mashine

Inapasa kuandikwa kwa heshima zote kwamba Kendi wa kidato cha tatu alibakiza hatua moja tu afukuzwe katika klabu ya kompyuta. Shule yao ya bweni, pale Kaaga, ilikuwa imeombwa na watafiti wa chuo kikuu kupima programu ya akili mnemba inayotazama picha na kujibu maswali kwa Kiswahili. Wanafunzi watafute inapokosea na waandike jibu sahihi, ili ifundishwe upya. Kendi akapiga picha ugali wa Jumanne, akaiuliza ni jiwe la aina gani. Mashine ikajibu kwamba ni jiwe la kujengea, la ubora wa kati. Mpishi hakucheka.

"Hicho si kipimo," alisema Mwalimu Bundi, mlezi wa klabu. "Wewe ndiye uliyeitajia jiwe. Jumamosi niletee kosa moja la kweli, la sivyo jina lako nalifuta."

Kendi alijifanya hajali. Moyoni alijali mno, maana klabu hiyo ndiyo pekee shuleni iliyomtaka bila kulazimishwa.

Jumamosi alifika na picha aliyopiga likizoni, kwao Kiirua: gunia la viazi lililojaa hadi mdomoni, kisha likashonewa wavu juu na viazi vikapandishwa kama kofia ya askofu. Lumbesa kamili. Akaiuliza mashine lina kilo ngapi.

"Hili ni gunia la kawaida la kilo hamsini," ilijibu.

"Hamsini!" Kendi aliruka. "Hamsini ni kofia peke yake!" Akaandika jibu sahihi kwa mwandiko wa hakimu: kilo mia moja na ishirini.

Kanuni ya klabu ilikuwa kwamba kila swali hujibiwa na mtu wa pili asiyeona jibu la kwanza. Wakitofautiana, swali halipiti. Mtu wa pili siku hiyo alikuwa Jawahir, ambaye baba yake husafirisha viazi kwa lori hadi Meru mjini. Jawahir aliitazama picha, akaandika neno moja: haijulikani.

"Wewe viazi umewahi kuviona, ama unavisikia tu?" Kendi aliuliza.

"Wallahi, Kendi, hayo magunia nimeyalalia kuliko kitanda changu. Kuna la mia na kumi na kuna la mia na sitini, na kwa picha ni mapacha. Hebu niambie, aliyejaza hili alilitikisa ama hakulitikisa?"

Kendi aliitazama tena picha. Kwao, Murithi mjazaji huinua gunia na kuliangusha mara tatu ili viazi vishuke na vingine viingie. Siku ile hakuwa ameangalia. Alikuwa amekisia, tena kwa uhakika uleule wa mashine.

Angeweza kumbembeleza Jawahir abadilishe. Badala yake alikwenda mbele ya meza ya mwalimu, akasimama kama anayesoma wasia.

"Mwalimu, tumekosea wawili. Mimi na mashine."

"Na jibu ni lipi?"

"Iseme hii ni lumbesa, uzito haujulikani kwa macho, leteni mizani."

Bundi alifungua daftari la klabu, na Kendi akaanza kuaga kimoyomoyo. "Jina lako limebaki," alisema mwishowe. "Sasa nataka maswali ishirini ya namna hiyo. Mengine yawe na jibu, isije ikajifunza kusema sijui kwa kila kitu kama nyinyi kwenye hesabu."

Wakayatengeneza wawili hao: magunia kwenye mizani, namba ikisomeka, na magunia yasiyopimwa. Mashine ilipata manne. Maswali mengine na picha zake yakapelekwa chuoni ya kuifundishia; yale ishirini yakawekwa kando ya kuipimia.

Muhula uliofuata toleo jipya lilifika. Kendi aliweka picha ambayo mashine haikuwahi kuiona.

"Hili ni gunia moja la lumbesa," iliandika. "Uzito wake siwezi kuujua kwa picha. Tumia mizani."

Chumba kizima kilipiga kelele. Katika yale ishirini ilipata kumi na saba, na barua ya watafiti ilitaja kipimo hicho kwa majina: Kendi na Jawahir. Kendi aliisoma mara tatu, uso mkavu kama wa mzazi siku ya matokeo.

"Matatu bado inakosa," Jawahir alisema.

"Nyamaza kidogo, dada. Acha nijivunie hadi kengele ya chai."

Hakufika. Dakika mbili baadaye alikuwa amevuta kiti, akifungua la kwanza kati ya yale matatu.