Msiba wa Bure Mamponteng

Itangazwe kwa heshima na taadhima, kwa walio hai na kwa wanaojiandaa kuacha kuwa hai, kwamba mimi, Yaw Boadi, mwanafunzi wa bweni na msomaji wa Injili kila Jumapili ya kwanza, niliteuliwa katika likizo iliyopita kuwa Mkuu wa Idara ya Picha katika kampuni ya filamu ya mjomba wangu. Idara ilikuwa na meza moja, nayo ilikuwa ya kupigia pasi. Shangazi alipotaka kupiga pasi, idara ilihamia sakafuni.

Mjomba Asiamah anajiita Profesa wa Filamu. Hajawahi kumfundisha mtu chochote isipokuwa uvumilivu. Falsafa yake ni fupi, na kwa bahati mbaya huirudia.

"Yaw, kulipia picha ni ujinga. Mtandao umejaa picha za bure. Sisi kazi yetu kuokota."

Basi tukaokota. Filamu ilimhusu mjane wa Kumasi anayedhulumiwa na ndugu wa mumewe. Kwa ukarimu wa mtandao, mjane huyo aliishi chini ya mawingu ya Norway, mumewe alifia katika hospitali ya Korea, na nje ya dirisha lake kulikuwa na theluji kidogo, ambayo Mjomba alisema watazamaji wataidhani vumbi la harmattan, ule upepo wa jangwani. Pale ambapo wenye picha walikuwa wamegonga jina lao katikati, kama muhuri kwenye paja la ng'ombe machinjioni, Mjomba alibandika ndege juu yake. Ndege huyo aliruka bila kusogea mpaka mazungumzo yakaisha.

Kilichotushinda ni msiba. Mume wa mjane ilibidi azikwe, na Mjomba hakuwa na watu wa kumzika. Nikautafuta msiba wa bure mtandaoni mpaka macho yakawa mekundu. Wazungu wanazikana kwa aibu: watu wachache kwenye mvua, miavuli myeusi, hakuna anayelia, hakuna spika, hakuna anayegombea kiti. Nikaandika kwamba nataka msiba wa Kiafrika. Nikaletewa twiga, amesimama peke yake, jua linazama.

"Chukua ule wa mvua," Mjomba akasema. "Badilisha rangi. Miavuli iwe myekundu."

"Mjomba, hata ikiwa myekundu, wale ni Wadachi."

"Tutawaweka mbali."

"Mjomba, kesho Jumamosi. Ashanti nzima inazika. Misiba ipo, na watu wanakuja na nguo zao wenyewe."

Alinitazama kama mtu aliyegundua kwamba mbuzi wake anajua kusoma. Kisha akatangaza kwamba wazo hilo alikuwa nalo tangu mwaka jana.

Kesho yake tukaenda Mamponteng, nje kidogo ya Kumasi, mimi nikiwa na kamera, ambayo kadi yake ndiyo pia ghala la picha zetu za kuokota, Mjomba akiwa na kofia. Alikuwepo pia dada Frema, mjane wetu, ambaye siku za kawaida huuza vocha za simu, na ambaye huzuni yake yote imo kwenye kope za bandia. Msiba tuliuona kabla hatujashuka garini: maturubai yamefunga njia, viti vya plastiki, watu wazima katika nguo nyeusi na nyekundu, spika kubwa kama makabati. Kila kitu tulichokikosa duniani kilikuwa pale.

Hatujapata hata kukaa, mwanamke mmoja akatujia mbio, kitambaa chekundu kichwani, sauti imekauka kwa kulia.

"Jamani, hatimaye! Nyie ndio mliotumwa na yule mtu wa video? Kanipigia asubuhi hii, eti kashikwa na msiba mwingine, atatuma watu."

Mjomba akafungua mdomo. Mjomba akifungua mdomo huwa tunapoteza kitu, kwa hiyo nikamtangulia, kwa ile sauti yangu ya Injili.

"Ndio sisi, mama. Poleni sana."

"Tumeshapoa, mwanangu. Mimi ni Dufie. Aliyelala mle ndani ni mama yetu, Eno Birago." Akanishika mkono. "Sasa nisikilize. Kaka yangu Baffour yuko Italia. Hana karatasi, akitoka kule harudi tena. Mama kafa, yeye yuko kule anafungasha mboga. Na mkuu wa ukoo amekataza simu chumbani, maana siku hizi picha za marehemu zinazurura mtandaoni kama mbuzi wasio na mwenyewe. Kamera ni yenu peke yake. Nitakapomuaga mama, nitamuaga na kwa niaba ya Baffour. Hapo ndipo pa kupiga. Mengine yote ukiyakosa nitakusamehe."

"Sitakosa, mama."

"Wamekula hawa?" akawauliza waliokuwa nyuma yake. Tukaletewa wali wa jollof na kuku. Naomba iandikwe kwamba nilitafuna kwa huzuni.

Chumbani nilifanya kazi yangu. Dufie aliinama juu ya kitanda cha shaba, akaweka kitambaa cha mkononi kwenye kiganja cha mama yake. "Mama, hiki kimetoka kwa Baffour. Anasema usimhesabie kwamba hakuja. Anasema ulale, yeye yupo." Kisha akakifunika kile kiganja kwa mkono wake, na kamera ikachukua yote. Nikatoka nje nikijipongeza. Ningempa yule mama video yake, ningempa Mjomba umati wake, na mbingu zingenihesabia haki bila gharama yoyote.

Nje, Profesa alikuwa akitoa maelekezo nyuma ya tangi la maji.

"Frema, utapita katikati ya watu, utalia, utazimia."

"Nizimie wapi, Profesa? Pale pana matope."

"Msanii hachagui!"

Frema alichagua. Alizimia polepole, kwenye sehemu kavu, mkono mmoja umeshikilia wigi. Wamama wenye msiba wao wakaacha kulia wakamkimbilia. Mmoja akampepea kwa upindo wa nguo, mwingine akammwagia mfuko mzima wa maji usoni. Kope moja ikahamia shavuni.

"Huyu ni wa upande gani?"

"Simjui. Labda kakosea msiba."

"Akiukosea tu analia hivi, ukiwa wake itakuwaje?"

Mjomba aliwaka. Umati mzuri hivi, wa bure, na mjane ana kope shavuni. "Tena!" Frema akazimia tena, safari hii akacheka katikati. "Tena!" Hapo kamera ikaniambia kwamba memori kadi imejaa.

"Futa kitu," Mjomba akasema.

"Nifute mawingu?"

"Mawingu yangu? Una wazimu? Nusu ya filamu ni mawingu. Futa hayo ya chumbani."

"Yale ni ya mama Dufie, Mjomba."

"Yumo kwenye filamu yangu?"

"Hayumo."

"Basi."

Nilijiambia mambo kadhaa, yote ya kisomi. Kwamba lawama zitamwangukia yule mtu wa video, ambaye kwa vyovyote ni tapeli. Kwamba ndani ya mwezi hakuna atakayekumbuka. Nikabonyeza, nikafuta, na juu ya mahali pale nikamrekodi Frema akianguka kwa mara ya tatu, vizuri sana, karibu na mzee mmoja aliyekuwa akilia kweli na ambaye hakujua kwamba ni mapambo yetu.

Tukaanza kuondoka kistaarabu, yaani kwa kupitia nyuma. Dufie alikuwa amesimama pale pale nyuma, simu mkononi.

"Afadhali nimewakuta! Baffour yuko hewani, wamempa mapumziko kidogo. Hawezi kusubiri. Hebu fungua hapo nilipomuaga mama, nimshikie simu kwenye kioo cha kamera yako aone."

Nikageuka kumtafuta Mjomba. Profesa wa Filamu alikuwa ameshaingia garini na kupandisha kioo.

Kwenye simu alikuwepo mwanamume amevaa kofia ya kazi, makreti nyuma yake. Aliponiona aliivua kofia, akafunga kifungo cha juu cha shati, kama mtu anayeingia chumbani kwa wakubwa.

"Bwana mdogo, asante sana," akasema. "Mungu akubariki."

Nikawasha kamera. Yakaja mawingu.

"Hii nini?" Dufie akauliza.

"Mawingu, mama."

"Ya hapa?"

"Ya Norway."

"Dufie, simuoni mama," simu ikasema.

"Subiri, kaka. We kijana, peleka mbele."

Nikapeleka mbele. Frema akaanguka. Nikapeleka mbele. Frema akaanguka, akacheka. Dufie akasogeza uso karibu na kioo cha kamera.

"Si yule aliyekosea msiba? Kwa nini humu yumo yeye tu? Peleka mbele."

Frema akaanguka kwa mara ya tatu, vizuri sana. Hapakuwa na mbele nyingine.

Mimi ni mtu wa visingizio. Shuleni wenzangu huviazima kwangu, na havijawahi kurudishwa na mwalimu yeyote. Nilikuwa nacho cha joto, cha kamera mbovu, na kimoja kirefu chenye shetani ndani yake. Vyote vilikuja mpaka kwenye meno. Yule mtu wa Italia alikuwa bado ameshikilia kofia kifuani.

"Hatukutumwa na mtu, mama," nikasema. "Mimi ndiye niliyekudanganya. Tulikuja kuokota watu wa filamu bure. Ulipomuaga mama nilikurekodi, ilikuwemo, na kile kitambaa kilionekana. Halafu nafasi ikaisha, nikaifuta. Nilitaka pa kumweka huyu anayeanguka."

Dufie hakunipiga. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa, hata shavu nilishalichagua.

"Anasema nini huyo?" simu ikauliza. "Dufie? Sisikii."

Akaniwekea simu kiganjani, akakifunga kiganja changu juu yake. "Mwambie wewe. Kwa mdomo wako."

Nikamwambia. Sauti ya Injili haikutoka, ilitoka nyingine ambayo sikuwahi kuisikia. Nyuma ya Baffour mtu alikuwa akiburuta makreti.

"Sawa," akasema. "Lakini wewe uliingia. Ulimwona. Niambie basi, walimvisha nini?"

Nikamtazama Dufie. Alikuwa ameshageuka, ameelekea kwa wenzake.

"Sijui, kaka," nikasema. "Nilikuwa natazama betri ya kamera."